Tushangilie, Lakini kwa Mkono Pia

Nimepewa kurasa chache katika jarida letu la mwaka huu, nami sitaki kuzijaza maua na ndege warukao angani. Ninalo neno. Neno lenyewe ni dogo, limetoka Marekani, limepitia katika televisheni na simu za wazazi wetu, likaingia darasani bila kubisha hodi, na sasa limekaa hata katika kadi za heri tunazowaandikia ndugu zetu wa Kidato cha Nne.

Wamarekani wakitaka kumwambia mtu kuwa wanamtakia ushindi, husema "we are rooting for you". Naye kila aliyepita darasa la nne anajua kuwa "root" ni mzizi. Basi mwaka uliopita kadi moja ilitoka kwa wadogo zetu, ikasafiri hadi darasa la watahiniwa ikiwa na maandishi haya kwa kalamu nyekundu: TUNAKUTILIA MIZIZI. Jamani! Aliyeipokea alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini jirani yake wa dawati alinyamaza kimya. Kwao kijijini mtu akikwambia amekutilia mizizi, hujui kama ukimbilie kwa chifu au kwa mganga mwingine aliye mkubwa zaidi. Mizizi hutiwa chunguni. Mizizi hutiwa katika chai ya adui. Haitiwi katika kadi ya mtihani.

Simcheki aliyeiandika. Nia yake ilikuwa njema, tena alijaribu kuandika Kiswahili wakati ambapo wenzake walinunua kadi za Kiingereza zilizokwisha kuchapishwa, wakaongeza jina tu. Lakini kadi ile ilinitia udadisi. Nilikwenda maktaba, nikafunua kamusi kubwa ile isiyoazimwa, kisha nikamsumbua mwalimu wetu wa Kiingereza hata akanipa kiti. Niliyoyapata huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana yalinipeleka mbali na mizizi, yakanirudisha hapa hapa uwanjani petu, mahali ambapo mambo si mazuri sana.

Kwanza, mzizi wa mti haumo kabisa katika usemi huo. "Root" ya kushangilia ni kitenzi, nacho kilianza kuonekana katika maandishi ya Wamarekani mnamo 1889, katika habari za mchezo wa besiboli. Kufumba na kufumbua, washangiliaji wa mchezo huo wakawa wanaitwa "rooters". Besiboli, kwa asiyeijua, ni binamu wa raundas waliyocheza dada zetu katika shule ya msingi: mpira unarushwa, unapigwa kwa gongo, halafu mpigaji anatimua mbio apite vituo vitatu na kurudi kituo cha nyumbani kabla hawajamwahi.

Sasa kitenzi hicho kilitoka wapi? Wataalamu wa maneno wanatuonyesha njia mbili. Ya kwanza inapita zizini mwa nguruwe. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na neno "wrotan", maana yake kufukua ardhi kwa pua, kama afanyavyo mnyama huyo akitafuta chakula. Kufikia 1856 Wamarekani walikuwa wakilitumia neno hilo kwa mtu anayesoma au kufanya kazi kwa bidii, kichwa chini, haangalii kushoto wala kulia. Na kutoka kwa mwenye bidii ya kazi hadi kwa mwenye bidii ya kumtakia mwenzake ushindi si mbali. Njia ya pili inapita kwa ng'ombe. Kuna neno la lahaja, "rout", ambalo asili yake ni kwa watu wa Skandinavia, maana yake kulia kwa sauti nene kama fahali. Kamusi huelekea upande wa nguruwe. Mimi moyo wangu uko kwa fahali, maana nimewahi kusimama karibu na Kidato cha Pili Magharibi siku ya mchuano, lakini sina ushahidi mwingine zaidi ya masikio yangu.

Ati tukifika Australia tusilitamke kabisa. Huko neno hilo lina maana nyingine ambayo mhariri hawezi kuiruhusu katika jarida linalosomwa na wazazi. Waaustralia wakishangilia husema "barrack for". Hivyo lugha ile ile moja ya Kiingereza, neno ni salamu njema kwa huyu na ni aibu kwa yule. Na sisi tunalibeba hivi hivi, kwa tafsiri ya neno kwa neno, tukidhani tumeandika!

Mizizi si pekee yake. Kuna "egg on", yaani kumchochea mtu afanye jambo, mara nyingi jambo la kipumbavu. Yai halimo humo. Neno limetokana na "eggja" la Kinorse cha kale, lenye maana ya kuchochea, na ni jamaa wa neno la makali ya kisu. Mtu huyo anakunoa, hakupi kiamshakinywa. Hata "cheer" yenyewe, ambayo twaiona nyepesi, ilipoingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale ilikuwa na maana ya uso. Ndipo ikawa hali ya uso, kisha uso wa furaha, na mwisho kelele za furaha. Hapo nilitabasamu kidogo, kwa sababu sisi nasi mtu mwema twamwita mwenye uso mkunjufu. Waingereza walianzia usoni wakaishia kooni. Sisi twaanzia moyoni: twampa mtu moyo, twamtia moyo.

Lakini turudi kwa hao washangiliaji wa besiboli, kwa sababu wana kisa ambacho nadhani kila shabiki wa shule hii angefaa kukisikia.

Katika mji wa Boston palikuwa na kundi lililojiita Royal Rooters. Kiongozi wao mmoja mashuhuri alikuwa Michael McGreevy, mwenye baa. Baa yake aliiita Third Base, yaani kituo cha tatu, kwa kuwa katika besiboli hicho ndicho kituo cha mwisho kabla ya kufika nyumbani. (Mchezo mzuri wa maneno, hata kama mahali penyewe si pa wanafunzi.) Watu walimpa jina la utani Nuf Ced, yaani imekwisha semwa ya kutosha, kwa vile alipolitamka neno hilo ubishi wa mpira ulikoma pale pale. Natamani tungekuwa na mtu kama huyo katika matatu za saa kumi na moja.

Mwaka wa 1903 timu ya Boston, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Red Sox, ilikutana na Pittsburgh katika fainali ya kwanza ya World Series. Sheria ilikuwa kwamba atakayeshinda mechi tano ndiye bingwa. Baada ya mechi nne, Pittsburgh walikuwa wameshinda tatu na Boston moja tu. Hebu niambieni, shabiki wa shule yetu angekuwa wapi saa hiyo? Angekuwa ameshapanda gari zamani. Royal Rooters wao walikuwa ugenini Pittsburgh, wamesafiri kwa reli, wamekodi bendi kwa pesa zao, na wameuchukua wimbo wa mapenzi wa mchezo mmoja wa jukwaani, uitwao "Tessie", wakaugeuza maneno. Mchezaji nyota wa Pittsburgh, Honus Wagner, alipokuja kupiga, waliuimba kwa maneno ya kumkejeli yeye. Waliuimba tena, na tena, na tena. Boston wakashinda mechi nne mfululizo, wakawa mabingwa kwa tano kwa tatu. Tommy Leach, aliyekuwa mchezaji wa Pittsburgh, alikuja kusimulia katika uzee wake kwamba wimbo ule uliwasumbua kwelikweli.

Je, ni wimbo ulioshinda? Sisemi hivyo. Wapiga mpira ndio walioshinda. Tena tusiwafanye watu wale malaika, maana wengine wao walikuwa wameweka pesa katika kamari. Jambo ninalolitazama ni moja: timu ilipokuwa nyuma kwa tatu kwa moja, wao walikuwa wapi? Walikuwapo, na nauli walikwisha kuilipa.

Linganisha na huyu mwingine. Mwaka wa 1908 Jack Norworth alitunga maneno ya wimbo "Take Me Out to the Ball Game", Albert Von Tilzer akautia muziki. Wimbo huo ndio uliolifikisha neno letu, lile la "root", katika kila kinywa cha Marekani, maana humo limerudiwa mara tatu kwa mpigo mmoja. Hadi leo maelfu ya watu husimama viwanjani wakauimba katikati ya kipindi cha saba. Basi inasimuliwa kwamba Norworth alipoutunga hakuwa amewahi kwenda kutazama mechi ya ligi kuu hata moja. Aliona tangazo la mechi akiwa ndani ya treni ya New York, akatoa kalamu. Mechi yake ya kwanza alikwenda kuitazama 1940, miaka 32 baadaye! Wimbo ni mtamu, siukatai. Lakini huo ndio ushangiliaji wa mdomo nionao hapa kwetu: tunajua maneno yote ya kumsifu mwenzetu, na uwanjani hatujakanyaga.

Sasa nije kwa Kiswahili, kwa sababu kuna wenzangu wanaosema kwamba tunakopa semi za Kiingereza kwa kuwa zetu ni chache. Chache? Hebu tuhesabu kidogo, na mimi nitachoka kabla hazijaisha. Kushangilia ni kwa furaha na sauti, na akina mama huongeza vigelegele. Kuhimiza ni kumtaka mtu aongeze mwendo. Kutia shime ni kumwambia jikaze, usilegee, nayo "shime!" peke yake yatosha kuwa kadi nzima. Kuunga mkono ni kukubaliana na mtu hadharani. Kumpigia mtu debe ni kumtangaza kwa watu, na kila mwenye masikio wakati wa kampeni anajua debe linavyopigwa, kwa jinsi lilivyo tupu likavuma zaidi. Kuchochea kumetoka jikoni, mtu anaposukuma kuni ndani ili moto uwake. Waweza kuchochea moto wa chakula, waweza pia kuchochea moto wa nyumba ya jirani, kwa hiyo hapo ndipo pa kuiweka "egg on" yao. Kisha kuna kupiga jeki. Neno hili nalipenda sana. Jeki ni kile chombo cha dereva cha kuinulia gari lenye pancha, nasi tukalitwaa neno la Kiingereza, tukalivisha Kiswahili, likawa na maana ambayo wenyewe Waingereza hawakutupa: kumwinua mtu aliyekwama. Huko ndiko kukopa! Tulichukua chombo tukajitengenezea usemi. Hatukuchukua usemi tukautafsiri kama mashine.

Na usidhani Waswahili walisahau sifa za uongo. Ukimsifu mtu kwa midomo na moyoni hakuna kitu, umemvika kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani. Kilemba chake asubuhi ni kibichi, jioni kimekauka, na aliyekivaa ndiye atakayechekwa. Ukimlaghai kwa maneno laini, umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wazee walijua kuwa si kila anayepiga makofi anakupenda.

Yako maneno mawili nimeyaweka mwisho kwa kusudi. La kwanza ni kutuza. Katika ngoma na taarabu za pwani, mtazamaji aliyependezwa hakai tu akapiga makofi. Huinuka, akamwendea mchezaji au mwimbaji, akamtuza pesa mbele za watu. Ndipo tukapata methali: mcheza kwao hutuzwa. Angalieni vizuri. Wahenga hawakusema mcheza kwao hushangiliwa! Walisema hutuzwa, yaani mkono umeingia mfukoni ukatoka na kitu.

La pili ni harambee. Hili liko katika nembo ya taifa letu, Mzee Jomo Kenyatta alilifanya wito wa nchi nzima mnamo 1963, na timu yetu ya taifa inaitwa kwa jina hilo. Lakini kabla ya kuwa la serikali lilikuwa la wafanyakazi wa pwani, watu wa kuvuta na kubeba mizigo mizito. Mmoja huita, wenzake huitikia, wote huvuta kwa pamoja. Ni kelele ya kutiana nguvu, ndiyo, lakini anayeipiga mkono wake uko kwenye kamba. Hakuna anayeimba harambee ameketi kivulini. Akifanya hivyo wenzake watamwuliza, wewe je, mikono yako iko wapi?

Na mimi nauliza swali hilo hilo, tena naliuliza shule hii.

Mwezi wa Agosti 2025, Kenya ilipoandaa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, hapakuwa na kijana asiyejiita shabiki wa Harambee Stars. Timu ilipowafunga Morocco, tuliruka. Walipotolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali, kesho yake nilisikia midomo ile ile ikiwaita vijana wale majina ambayo siwezi kuyaandika. Siku moja tu! Lakini hao ni wa mbali na matusi yetu hayawafikii. Walio karibu yanawafikia.

Tazama timu yetu ya kandanda. Ikifunga bao la kwanza, ukuta mzima unatetemeka. Ikifungwa mawili, watu wanaanza kuangalia saa. Najua sisi ni wanafunzi wa kutwa, magari hayangoji, na kuna wenzetu wanaotembea mwendo wa saa nzima hadi kwao. Sizungumzi juu ya hao. Nazungumza juu ya wale ambao wangebaki hadi magharibi kama tungekuwa tunaongoza. Na voliboli ya wasichana je? Muhula wa pili walicheza mechi nzima na kando ya uwanja walikuwapo mwalimu wa michezo, mpishi mmoja aliyetoka kupunga upepo, na mbuzi wa jirani. Walishinda. Gwarideni asubuhi tukawapigia makofi kama kwamba tulikuwako.

Hayo bado ni madogo. Kubwa liko kwenye jukwaa letu wenyewe, sisi wa Chama cha Kiswahili. Siku za mjadala, msemaji akichanganya r na l, au akisema "kitabu yangu", ukumbi unazomea. Kuzomea, wenzangu, ni kinyume cha kila neno nililolitaja hapo juu. Nimehesabu: katika mjadala wa kwanza wa mwaka huu wasemaji walikuwa kumi na wanne, katika wa tatu wakawa sita, na hao sita ni wale wale ambao Kiswahili walikinyonya na maziwa ya mama. Wanane wamekwenda wapi? Wako darasani, wanamaliza hesabu, wamenyamaza, na Kiswahili chao kitabaki pale pale kilipokuwa. Kisha tunalalamika kwamba watu wanapenda Kiingereza. Kwani Kiingereza kiliwazomea?

Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu ya makala haya aliniambia, "Lakini wewe, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukiwashangilia hata wabovu, hawatajifunza." Namjibu hivi. Methali hiyo ni ya mgema, yaani fundi ambaye tayari anajua kazi yake na watu wanamnywea tembo. Haikutungwa kwa ajili ya mtoto anayepanda mnazi kwa mara ya kwanza. Huyo usipomwambia "shime", atashuka, na wewe utabaki na kibuyu kitupu. Tena sisemi makosa yasisahihishwe. Mlezi wa chama anayasahihisha baada ya mjadala, polepole, na hakuna aliyewahi kulia kwa sababu yake.

Sasa nifike panaponiuma.

Mwaka jana tulikuwa na mwanariadha, msichana, sitamtaja jina wala darasa. Alikimbia mita 1500 bila viatu, akawaacha wa shule nne. Tulimshangilia mpaka sauti zikakauka. Alibebwa juu juu. Picha yake ilibandikwa ubaoni karibu na ofisi. Muhula uliofuata alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa huko wiki tatu. Wiki tatu, wenzangu, na picha iko ubaoni! Hakuna aliyeuliza. Tuliipita kila asubuhi tukienda gwarideni. Aliporudi alikuta Baiolojia imefika sura nyingine, Hesabu ndiyo usiseme, na mtihani wa mwisho wa muhula ukiwa umebaki siku tisa.

Wasichana wawili tu walifanya jambo. Si mashabiki wakubwa, na siku ya mbio mmoja wao hakuwapo uwanjani. Walikuwa wamemnakilia maelezo yote, kila somo katika daftari lake, kwa zamu, huyu Jumatatu na yule Jumanne. Mmoja wao mwandiko wake ni kama kuku amepita matopeni, lakini unasomeka. Mwanariadha wetu alifanya mtihani. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na yuko shuleni hadi leo.

Nikiulizwa ni nani walioshangilia mwaka ule katika shule yetu, nitawataja wale wawili, kisha ndipo nitataja sisi mia tatu tuliopiga kelele.

Najua jibu litakalokuja: sisi ni watoto, hatuna pesa, karo si kazi yetu. Kweli. Karo ya mtu hatuiwezi, na sitaki kumdanganya mtu kwamba shilingi kumi kumi zetu zitailipa. Lakini kuna kamba ambazo mikono yetu inazifikia. Daftari la kurasa tisini na sita si ghali. Kumpelekea mtu maelezo siku ya Jumamosi, ikiwa mwakaa njia moja, ni nauli ambayo hata hivyo ungeitumia kwenda sokoni. Kumwambia mwalimu wa darasa, kwa adabu, "Mwalimu, fulani hajaonekana wiki ya pili," hakuhitaji hata senti. Kubaki uwanjani hadi filimbi ya mwisho ni dakika ishirini. Na kunyamaza mtu anapokosea ngeli ni bure kabisa, ingawa kwa wengine naona ndilo jambo gumu kuliko yote.

Kuhusu kadi za heri, kwa kuwa ndizo zilizoanzisha maneno haya, nina ombi kwa wadogo zetu. Msiandike tena mizizi. Na kuna nyingine nimeziona zimeandikwa "tuko nyuma yako", hiyo nayo imetoka Kiingereza moja kwa moja. Mtahiniwa akiisoma usiku anaweza kugeuka kuangalia ni nani anayemfuata. Andikeni "tuko nawe". Andikeni "shime, dada" au "jikaze, kaka, tunakuombea". Na kama mna la kutoa, hata kalamu moja ya wino mweusi, itieni ndani ya bahasha. Huko ndiko kutuza.

Katika mkutano wa chama wa wiki jana nilipendekeza tuwe na orodha ya wanakili, yaani wanachama walio tayari kumwandikia maelezo yeyote atakayekosa masomo kwa karo, ugonjwa au msiba. Kulikuwa na ubishi kidogo kuhusu nani atanunua madaftari, na mweka hazina akasema tuanze na salio la tamasha la mashairi. Mlezi wetu amekubali. Orodha iko kwa katibu, Kidato cha Tatu Mashariki, dawati la pili kutoka dirishani. Hadi naandika haya ina majina kumi na moja. Kwa Fizikia bado hatujapata mtu, na mwenye mwandiko mbaya pia anakaribishwa.